Fidia Si Sadaka: Jinsi Serikali Zilivyojifunza Kulipa Watu Walioumizwa

 

Leo tunataka kutazama swali ambalo halikosekani pale watu waliokimbia makwao wanapokaa pamoja jioni. Watu wenye bunduki waliingia kijijini usiku. Walimwua baba wa nyumba, wakachukua mbuzi na nguo, wakachoma nyumba. Asubuhi walikuwa wamekwisha kwenda, na hakuna aliyejua majina yao. Sasa mjane anauliza: "Nani atanilipa?" Mmoja anamjibu: "Mwachie Mungu." Mwingine anamjibu: "Vijana wetu wapo, watakwenda kulipiza." Wa tatu anacheka kwa uchungu, anasema: "Labda serikali!" Na wote wanacheka pamoja naye.

Jibu lile la tatu, linalosemwa kama mzaha, ndilo tutakalolifuata leo. Kwani si mzaha. Lilikuwa katika sheria za watu wa kale, limo katika sheria za nchi nyingi za leo, na tangu mwaka 2022 limo hata katika sheria ya nchi yetu. Tutaeleza lilivyoanza, lilivyosahauliwa, lilivyorudi, na kwa nini linagusa amani yetu.

ZAMANI MJI MZIMA ULILIPA

Tuanze na desturi tunazozijua. Kwa makabila mengi ya kwetu, mtu alipomwua mwenzake, jambo halikuwa la watu wawili tu. Jamaa ya mwuaji iliketi na jamaa ya marehemu mbele ya wazee, na ng'ombe au mbuzi au mali nyingine ilitolewa. Mali ile haikuwa bei ya mtu, kwani mtu hana bei. Ilikuwa alama ya kukubali kosa. Ilikuwa pia msaada kwa watoto walioachwa. Tena ilikuwa kizuizi: jamaa iliyokwisha kupokea fidia haikuwa na ruhusa ya kuchukua mkuki.

Lakini desturi hiyo inafaa wakati mwuaji anajulikana. Na akiwa hajulikani?

Swali hilo ni la zamani sana. Katika nchi ya Babeli, ambayo leo ni Iraki, mfalme Hammurabi aliandika sheria zake juu ya jiwe karibu miaka 1,750 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Jiwe lile lipo mpaka leo mjini Paris, katika jumba la makumbusho la Louvre. Maana ya sheria zake mbili ni hii: mtu akinyang'anywa mali na mnyang'anyi asikamatwe, aliyenyang'anywa ataeleza mbele ya mungu vitu alivyopoteza, kisha mji na mkuu wake, ambao jambo limetokea katika ardhi yao, watamrudishia. Na kama mtu ameuawa, mji na mkuu wake watawalipa watu wake kipimo kimoja cha madini ya fedha, karibu nusu kilo.

Tusikilize vizuri jambo lililo ndani ya sheria hiyo. Mkuu wa mji hakuiba. Watu wa mji hawakuua. Lakini walikuwa na kazi ya kulinda njia, na hawakuilinda. Kwa hiyo walilipa.

Uingereza nayo ilikuwa na sheria ya namna hiyo. Mwaka 1285 Mfalme Edward wa Kwanza alitoa sheria ya Winchester. Ilisema kwamba unyang'anyi ukitokea katika wilaya, na wenyeji wasiwatoe wanyang'anyi, wenyeji wa wilaya ile watajibu kwa hasara iliyopatikana. Hivyo kila mtu alikuwa na sababu ya kutoka nje na kukimbiza mwizi usiku, kwani mwizi akiponyoka, mfuko wa kila mmoja ungeguswa.

WALIOUMIZWA WALISAHAULIWA

Kisha, polepole, mambo yakageuka. Wafalme wa Ulaya walipata nguvu. Walisema kwamba mtu anayeua au kunyang'anya hamkosei jirani yake tu, anamkosea mfalme, kwa kuwa amevunja amani ya mfalme. Jambo hilo lilikuwa na faida yake, kwani lilipunguza vita vya jamaa na jamaa. Mfalme aliwaambia watu: Wekeni silaha chini. Msilipize wenyewe. Nileteeni mkosaji, mimi nitamhukumu.

Lakini faini ambayo zamani iliingia katika nyumba ya marehemu sasa iliingia katika sanduku la mfalme. Aliyepigwa aliitwa mahakamani kama shahidi tu. Alieleza alivyoumizwa, mkosaji akapelekwa gerezani, kisha akaambiwa: Asante, nenda nyumbani. Kama alikuwa amepoteza jicho, alirudi bila jicho. Kama mama alikuwa amepoteza mume, alirudi kwa watoto wenye njaa. Serikali ilimlisha mfungwa kila siku, lakini aliyeumizwa haikumwuliza kama amekula.

Mambo yalikaa hivyo kwa mamia ya miaka. Nasi katika Kongo tulipokea sheria hiyo hiyo kutoka kwa wakoloni: gereza kwa mkosaji, na mikono mitupu kwa aliyekosewa.

MIAKA 442 YA KUNGOJA

Mtu mmoja aliyelisumbua sana swali hili ni mama Mwingereza aliyeitwa Margery Fry. Alizaliwa mwaka 1874. Alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kuketi kama mahakimu katika nchi yake, na miaka mingi ya maisha yake alishughulikia hali ya wafungwa. Alipokuwa mzee alianza kusema kwamba watu wamewakumbuka wafungwa na wamewasahau walioumizwa nao.

Mwaka 1957 aliandika makala katika gazeti la London akitoa mfano ambao kila mtu aliweza kuuhesabu. Mwanaume mmoja alishambuliwa mwaka 1951 na watu wawili, akawa kipofu. Mahakama iliamua kwamba washambuliaji wamlipe pauni 11,500. Zilikuwa fedha nyingi. Lakini wale wawili hawakuwa na kitu. Kwa hiyo iliamriwa kila mmoja atoe shilingi 5 kwa juma.

Hebu tuhesabu pamoja. Wakati ule pauni moja ilikuwa shilingi 20. Watu wawili wakitoa shilingi 5 kila mmoja, ni shilingi 10 kwa juma, yaani nusu pauni. Ili kumaliza pauni 11,500 yanahitajika majuma 23,000. Yagawanyeni kwa majuma 52 ya mwaka. Yule kipofu angengoja miaka 442 ili apokee shilingi ya mwisho.

Ndugu zangu, hukumu ile ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Mahakimu walifanya kazi yao. Lakini haki inayongoja miaka 442 si haki. Na sisi katika Kongo tunaijua hukumu ya namna hiyo.

Mama Fry alitoa hoja mbili. Ya kwanza: nchi yake ilikuwa tayari na bima kwa mfanyakazi anayeumia kiwandani, ambaye haambiwi angoje mpaka mashine imlipe. Kwa nini basi anayeumizwa na mhalifu asitunzwe na watu wote kwa pamoja? Ya pili ndiyo nzito zaidi: serikali inawakataza raia kutembea na silaha na kujilipizia. Ikiwa imewanyang'anya njia ya kujilinda, nayo ikashindwa kuwalinda, haiwezi kunawa mikono.

Mama Fry alikufa mwaka 1958. Hakuiona sheria aliyoiomba. Nchi ya kwanza kuipitisha ilikuwa New Zealand, nchi ndogo ya visiwa, mwaka 1963. Sheria yake ilianza kazi tarehe 1 Januari 1964. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Uingereza nayo ilianza kulipa. Mwaka 1965 jimbo la California lilikuwa la kwanza kufanya hivyo katika Marekani.

HURUMA AU HAKI?

Hapa kuna jambo ambalo wakuu wetu wanapaswa kulishika. Uingereza ilipoanza kulipa mwaka 1964, serikali ilisema wazi kwamba haina deni. Ilisema inalipa kwa huruma ya wananchi kwa mwenzao aliyeumizwa. Fedha zilitoka katika kodi. Mkosaji hakuhitaji kukamatwa, lakini aliyeumizwa alipaswa kuwa ameripoti jambo kwa polisi, tena asiwe yeye aliyeanzisha ugomvi.

Huruma ni jambo jema. Lakini anayetoa kwa huruma leo aweza kuacha kesho. Huwezi kwenda mahakamani kumwambia mtu: Jana ulinihurumia, kwa nini leo hunihurumii? Ndiyo maana mabishano hayakwisha. Ilipita miaka 31 kabla Uingereza haijaweka mpango wake juu ya msingi wa sheria inayofanya kazi, mwaka 1995.

Nchi nyingine zilifuata njia zao. Mwaka 1983 nchi za Baraza la Ulaya ziliandika mapatano mjini Strasbourg: ikiwa mhalifu hana cha kulipa, serikali isaidie kulipa waliopata majeraha makubwa kwa jeuri, na wale waliomtegemea marehemu. Mwaka 1984 Marekani iliunda mfuko wa taifa kwa ajili ya wahanga, na fedha zake hazikutoka katika kodi ya raia, zilitoka katika faini za wahalifu waliohukumiwa. Tarehe 29 Novemba 1985 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba pale mkosaji asipoweza kulipa, serikali zijitahidi kulipa. Na mwaka 2005 Umoja wa Mataifa uliongeza kwamba fidia si fedha peke yake. Kuna kurudishiwa shamba na nyumba. Kuna matibabu ya mwili na ya moyo. Kuna ukweli kusemwa hadharani na marehemu kukumbukwa. Na kuna kuzuia uovu usirudi.

Basi mnaona safari. Ilianza kama deni la mji mzima huko Babeli, ikasahauliwa, ikarudi kwa jina la huruma, na polepole ikawa haki. Mtu anayedai fidia haombi sadaka. Anadai kwa sababu aliweka mkuki chini akiambiwa kwamba atalindwa.

KWETU KONGO

Sasa turudi nyumbani.

Katika sheria zetu za kiraia kuna kifungu cha tarehe 30 Julai 1888. Kinasema kwamba mtu yeyote anayeleta hasara kwa kosa lake anapaswa kuirekebisha. Kifungu kingine cha sheria hiyo kinasema kwamba bwana anajibu kwa hasara iliyoletwa na watu anaowatuma kazi. Sheria hiyo iliandikwa wakati wa Mfalme Leopold wa Pili. Miaka michache baadaye, katika wakati wa mpira, watu wa vijiji walikatwa mikono na nyumba zao kuchomwa na watu waliotumwa kazi na Leta yenyewe. Maneno ya haki yalikuwapo kitabuni, lakini hayakufika kijijini.

Hata hivyo maneno yaliyoandikwa hayafi. Karibu miaka 120 baadaye, wanasheria wetu waliyachukua. Mwezi wa Desemba 2003, katika kijiji cha Songo Mboyo, jimbo la Ekwateri, askari wa serikali walioasi waliwabaka wanawake wengi na kunyang'anya mali. Mwaka 2006 mahakama ya kijeshi ya Mbandaka iliwahukumu askari saba kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Tena mahakama ilisema: askari ni watumishi wa serikali, kwa hiyo serikali itawajibika kulipa pamoja nao. Ilikuwa hukumu kubwa. Lakini miaka ilipita na wale wamama hawakuona fedha. Na haikuwa hukumu moja tu. Mara nyingi mahakama zetu zimeiamuru serikali ilipe, na karatasi ya hukumu ikabaki karatasi. Zaidi ya hayo, aliyeshinda kesi alidaiwa ada ya mahakama kabla ya kufuata malipo yake. Mama aliyekimbia na watoto atoe wapi ada hiyo, asipopata cheti cha kuonyesha kwamba hana uwezo?

Mfano mwingine unatoka Ituri. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro kilishambuliwa. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, iliyoko La Haye, ilimhukumu Germain Katanga mwaka 2014. Tarehe 24 Machi 2017 iliamuru wahanga 297 wapewe kila mmoja dola 250 kama alama, pamoja na msaada wa nyumba, wa masomo, wa kazi ndogo za kuleta mapato na wa kutuliza mioyo. Mahakama iliona pia kwamba aliyehukumiwa hana mali. Ni hadithi ile ile ya kipofu wa Uingereza. Ilibidi mfuko wa wahanga wa mahakama ile utafute fedha kwa nchi zenye kujitolea.

KESI YA UGANDA NA SOMO LAKE

Sasa sikilizeni hadithi ambayo ina somo kubwa kuliko zote kwetu.

Tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katikati ya mji wa Kisangani. Watu wa huko wanaviita vita vya siku sita. Mabomu yalianguka juu ya nyumba, juu ya shule na makanisa. Kongo iliishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa Kisangani na kwa Ituri na kwa mahali pengine. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ilisema kwamba Uganda ilivunja sheria na inapaswa kulipa.

Kongo ilidai dola zaidi ya bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ilitoa hesabu ya mwisho: dola milioni 325. Katika hizo, milioni 225 ni kwa watu waliouawa na kuumizwa, milioni 40 kwa mali zilizoharibiwa, na milioni 60 kwa madini na utajiri mwingine wa nchi. Malipo yaligawanywa mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka, na Uganda ilianza kulipa mwaka huo huo.

Kwa nini kutoka bilioni 11 mpaka milioni 325? Kuna sababu zaidi ya moja, lakini moja inatuhusu sisi. Mara kwa mara katika hukumu yao mahakimu walisema kwamba ushahidi ulikuwa mdogo. Waliona hesabu kubwa za watu waliokufa, lakini hawakuona karatasi za kutosha za kuzithibitisha: majina, mahali, siku, vyeti. Walijua pia kwamba vita huharibu karatasi, kwa hiyo walikadiria. Lakini aliyekadiriwa hupata kidogo kuliko aliyehesabiwa.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa tumejifunza kwamba hata watu bila daftari hupotea bila habari.

FEDHA IKIFIKA, NANI ANAILINDA?

Ili fedha za Uganda ziwafikie watu, serikali iliweka mfuko maalumu wenye makao Kisangani, unaoitwa FRIVAO. Tena tarehe 26 Desemba 2022 nchi yetu ilipata sheria mpya kwa ajili ya wahanga wa ubakaji wa vitani na wahanga wa makosa makubwa dhidi ya amani na usalama wa ubinadamu. Kutokana na sheria hiyo ulizaliwa mfuko mwingine, FONAREV, ambao umepewa asilimia 11 ya ushuru unaolipwa na makampuni ya madini kwa madini wanayochimba. Uingereza ilichukua kodi, Marekani ikachukua faini, sisi tukachukua madini. Kwa nchi ambayo watu wake wengi wameuawa kwa sababu ya madini, hilo ni jambo lenye maana.

Lakini tuseme mipaka yake bila kuficha. Sheria hii si kama ile ya New Zealand. Mtu aliyepigwa na mwizi wa kawaida sokoni hamo ndani yake. Na mfuko wenye fedha huwavuta pia wenye mikono mirefu. Mwezi wa Septemba 2025, mjini Kinshasa, mahakama ya Kasasi ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria miaka mitatu ya kazi ngumu. Kesi ilihusu karibu dola milioni 19 zilizotolewa kwa ajili ya kujenga gereza Kisangani, na fedha zile zilitoka katika fedha za fidia ya wahanga. Hebu fikirini maneno hayo. Kwa mara nyingine fedha za aliyeumizwa ziligeuzwa kuwa za gereza. Ni kosa lile lile la wafalme wa zamani. Lakini safari hii kulikuwa na sheria, na aliyekuwa mkubwa alisimama mbele ya mahakimu.

KAZI YETU SASA

Wakuu wa vijiji na wa kampi, kwanza tunasema nanyi. Daftari liko mikononi mwenu. Andikeni majina ya waliokufa, siku, mahali, na majina ya walioona. Andikeni nyumba zilizochomwa na mashamba yaliyoachwa. Andikeni wa kila kabila waliokuwa kijijini, bila kumwacha jirani kwa sababu ya lugha yake, kwani daftari lenye watu wa upande mmoja si daftari la haki, ni silaha ya vita vingine. Kumbukeni Afrika ya Kusini. Huko tume ya ukweli ilifunga orodha yake ya wahanga, na mwaka 2003 serikali ikaamua kuwapa waliomo randi 30,000 kila mmoja. Walioumizwa sawasawa lakini hawakufika mbele ya tume kwa wakati walibaki nje.

Pamoja na hayo, angalieni sana. Jina la mama aliyebakwa si la kusomwa mbele ya watu. Orodha ikianguka katika mikono mibaya yaweza kuua. Liwekeni kwa siri, tena mahali pawili, na mtu mwaminifu mmoja au wawili tu wajue.

Wababa na wamama mliokimbia, tunzeni karatasi zenu: kadi ya uchaguzi, karatasi ya hospitali, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha kifo kama kipo, picha ya nyumba kama ipo. Kama zimeungua, kaeni na jirani mliokimbia naye, mwandike pamoja yale mnayoyakumbuka, kila mmoja aweke jina lake. Msitoe fedha kwa mtu anayesema: Nipe kidogo nikuandikishe, utapata nyingi. Na wajane wasiachwe nyuma ya shemeji zao. Fidia ya marehemu ni ya watoto wake na ya aliyewalea.

Ninyi vijana, tunajua mnavyosikia mnapoambiwa mngoje. Mtasema: Mjomba, hiyo ni miaka 442. Hatuwezi kuwaahidi kwamba fedha itakuja kesho. Lakini tazameni. Tarehe 2 Desemba 2024, mjini Brussels, mahakama ya rufaa iliiamuru serikali ya Ubelgiji iwalipe wamama watano euro 50,000 kila mmoja. Walizaliwa hapa Kongo na mama Waafrika na baba wazungu, nao walinyang'anywa kwa mama zao wangali watoto, wakati wa ukoloni. Mahakama ililiita jambo lile kosa dhidi ya ubinadamu. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 70. Walipoteza kesi ya kwanza mwaka 2021, wakarudi. Hawakuchoma nyumba ya mtu. Walidai mbele ya mahakama.

Anayelipiza kwa panga hawezi tena kudai, kwani naye amekuwa mdaiwa. Jamaa ya yule aliyemwua nayo itafungua daftari lake, na jina lake litakuwa ndani.

Kwa serikali, na kwa yeyote anayetaka kutawala katika nchi hii, tunasema neno moja. Mnawaambia watu waweke silaha chini. Ni vema, nasi tunawaambia hivyo kila juma. Lakini anayemwambia mtu aweke mkuki chini amechukua deni juu yake: amlinde, na kama ameshindwa kumlinda, amlipe. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Deni hili lisipolipwa, mtu atainama tena aokote mkuki wake, na wote tutakimbia tena.

Basi mjane yule wa jioni akiuliza tena, "Nani atanilipa?", msicheke. Mwambieni: "Mama, keti hapa. Kwanza tuandike jina la mume wako."